Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Kamera ya Joto Isiachwe Iwatulize Wagonjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA TAMKO LA WIZARA KUHUSU KUPIMA SARATANI YA MATITI KWA PICHA YA JOTO

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nafahamu kuwa mafaili mezani pako ni mengi, na kwamba kila barua unayoisoma huichelewesha nyingine. Naomba uniwie radhi kwa kukuongezea hii. Naomba uniwie radhi pia kwa kukuandikia hadharani. Sikufanya hivyo kwa kukosa imani na ofisi yako, wala kwa nia ya kukushinikiza. Nimeona tu kwamba jambo lenyewe linawagusa kina mama ambao waraka wa wizara hauwafikii, ilhali gazeti husomewa hata asiyejua kusoma.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sina uprofesa wala ubingwa, na sithubutu kumfundisha Waziri kazi yake huku amezungukwa na wataalamu waliobobea. Ninachokileta ni ombi, na sababu za ombi hilo. Pale nitakapoonekana kusema kwa ukali, naomba ukali huo uhesabiwe kuwa ni uchungu wa mtu aliyeuguza wanawake walioletwa wodini titi likiwa limekwisha kuwa kidonda.

Jambo lenyewe, Mheshimiwa, ni kipimo kinachoitwa themografia, yaani kupiga picha ya joto la ngozi ya matiti kwa kamera maalumu, kisha kumwambia mwanamke kama ana dalili za saratani au hana. Katika nchi kama Marekani, Canada na Australia kimeuzwa kwa miaka mingi kwenye kliniki binafsi na vituo vya tiba mbadala, kwa maneno matamu: hakina mionzi, hakiumi, hakibani titi, na eti huiona saratani miaka kadhaa kabla ya mamografia, yaani picha ya matiti ya eksirei. Matangazo hayo siku hizi hayana mpaka. Yakitolewa California asubuhi, jioni yako kwenye simu ya binti wa Tanga. Kamera za joto zenyewe, zikiwemo ndogo za kuchomekwa kwenye simu, mtu yeyote anaweza kuziagiza. Kwa heshima zote, naomba wizara yako iseme neno mapema, kabla kipimo hiki hakijazoeleka kwetu.

Naomba kwanza nikitendee haki. Wazo lake lina msingi wa kisayansi. Mwaka 1956 daktari wa upasuaji wa Montreal, Ray Lawson, alieleza kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi mara nyingi huwa na joto zaidi kuliko ngozi ya titi la upande wa pili. Sababu inaeleweka: uvimbe unaokua hutumia chakula kingi, hujiotesha mishipa mipya ya damu, na damu hubeba joto. Madaktari wa zama zile walikuwa na haki ya kutumaini. Ninachowaheshimu zaidi ni walichofanya baadaye, kwani walikubali matumaini yao yapimwe.

Mwaka 1973 Chama cha Saratani cha Marekani pamoja na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo walianzisha mradi uliokuja kuwahudumia wanawake zaidi ya 280,000 katika vituo 29. Mwanzoni wanawake hao walipimwa kwa mikono, kwa mamografia na kwa themografia. Hesabu zilipofanywa, ikaonekana kwamba katika kila saratani 10 zilizogunduliwa, mamografia ilikuwa imeziona takriban 9, mikono ya mtaalamu zaidi kidogo ya nusu, na kamera ya joto takriban 4 tu. Themografia ikaondolewa, na mradi ukaendelea bila yake.

Waingereza nao walijaribu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwapima kwa themografia wanawake zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 65. Kamera iliwatambua asilimia 61 ya waliokuwa na saratani. Na katika wale wasio na saratani, ni asilimia 74 tu walioambiwa kwamba wako salama. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka 5, ili ijulikane kama joto la titi leo linatabiri saratani ya kesho, kama wauzaji wanavyodai. Watafiti wakahitimisha kwamba kipimo hicho hakifai kuchunguzia saratani, wala hakifai kuonyesha nani yuko hatarini kuipata baadaye.

Asilimia zinaweza kumpita msomaji bila kumgusa, kwa hiyo naomba idhini yako nizigeuze kuwa watu. Tuchukue wanawake 1,000 wa wilaya moja, na tuseme 5 kati yao wana saratani bila kujua. Kwa viwango hivyo vya Uingereza, kamera itawaona 3 na kuwakosa 2. Wakati huohuo, katika wale 995 wasio na ugonjwa, itawatia hofu karibu 259. Wanawake 262 watakuwa wameambiwa waende hospitali ya rufaa, watafute nauli, waache mashamba na biashara, waombe kulala kwa jamaa, ilhali wagonjwa wa kweli humo ni 3. Na wale 2 watakuwa wamerudi nyumbani na karatasi inayosema wako salama.

Hao wawili, Mheshimiwa Waziri, ndio walionifanya nishike kalamu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi wahudumu wa afya tumeitumia methali hiyo miaka nenda miaka rudi kuwahimiza kina mama wajitokeze. Lakini huyu hakuficha. Alijitokeza, akalipa, akavua nguo mbele ya mgeni, akaambiwa hana kitu. Miezi kadhaa baadaye akigusa kivimbe kwapani ataikumbuka ile karatasi, na atangoja. Dada yake akimsihi aende hospitali, atamwonyesha ile karatasi. Mwanamke ambaye hajapimwa kabisa angalau anabaki na wasiwasi wake, na wasiwasi huo unaweza kumfikisha zahanati. Kipimo kisichoaminika humnyang'anya hata huo.

Kukosea huku kunatokana na maumbile ya kipimo chenyewe, hata mpigaji picha awe hodari namna gani. Kamera husoma ngozi, haioni ndani. Saratani iliyojichimbia katikati ya titi kubwa inaweza isifikishe joto lake juu. Nyingine hukua taratibu mno hata zisiwe na joto la kuzitofautisha. Chembe ndogo za chokaa, ambazo kwenye mamografia mara nyingi ndizo dalili ya kwanza ya saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, hazionekani kabisa kwenye picha ya joto. Kwa upande mwingine, ngozi hupata joto kwa mambo mengi yasiyo saratani: titi linalonyonyesha, jipu, homa, siku fulani za mzunguko wa hedhi, jua kali, hata kinywaji cha moto. Ndiyo maana hata wanaokitetea kipimo hiki hutaka mwanamke akae bila nguo ya juu kwa dakika 10 hadi 15 katika chumba chenye ubaridi uliodhibitiwa, mara nyingi kati ya nyuzi 18 na 23 za Selsiasi. Naomba uniruhusu nikukumbushe, kwa heshima, joto la Tanga mwezi wa Februari, na zahanati ya Kilwa umeme ukikatika.

Hata picha hiyo ikipatia, kazi inakuwa haijaanza. Haimwonyeshi daktari mahali pa kuchoma sindano. Mwanamke atahitaji altrasaundi au mamografia vilevile, kisha achukuliwe kinyama kipelekwe maabara ya patholojia, kwa kuwa hapo ndipo saratani huthibitishwa. Kamera itakuwa imemwongezea safari moja na malipo mengine.

Wanaokitetea wana hoja zao, na sitaki kuzificha mbele yako. Husema mamografia ina mionzi, nao wanasema kweli. Lakini mamografia ya kawaida ya matiti yote mawili hutoa takriban milisiveti 0.4, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini, angani na kwenye chakula kwa muda wa wiki 7 hivi. Husema pia kwamba wanawake huona haya kushikwa. Haya hiyo naiheshimu. Huku kwetu pwani tumelelewa nayo. Lakini kamera nayo inawataka wavue, tena wakae hivyo kwa robo saa. Kinachoondoa haya ni muuguzi wa kike, pazia, mlango unaofungika na lugha ya staha, mambo ambayo zahanati yoyote inaweza kuyapata bila kuagiza chochote ng'ambo. Husema bei yake ni nafuu. Mheshimiwa, kipimo kinachowasukuma wanawake 259 wazima kwenye vipimo vya gharama si nafuu. Gharama imehamia tu kwenye mfuko mwingine, na mara nyingi mfuko huo ni wa familia.

Hoja ya karibuni zaidi ni ya akili mnemba, kwamba kompyuta sasa inazisoma picha hizi vizuri kuliko macho ya binadamu. Kazi hiyo inafanywa kwa bidii, hasa India, na moyoni mwangu natamani ifanikiwe. Hata hivyo mapitio ya tafiti yaliyochapishwa New Zealand mwaka 2012 yalikuta uwezo wa themografia wa kutambua saratani ukiyumba kutoka asilimia 25 hadi 97, kutegemea ni utafiti gani umeushika. Na mpaka leo hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba wanawake wanaopimwa kwa kamera ya joto hufa wachache zaidi kwa saratani ya matiti. Mamografia ina kasoro zake, hasa kwa wanawake wa umri mdogo ambao matiti yao yana tishu nzito. Lakini ushahidi wa kupunguza vifo inao, tangu majaribio ya New York na Sweden ya miaka ya 1960 na 1970.

Naomba sasa nikumbushe kwa ufupi yaliyowapata wenzetu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziruhusu kamera hizi mwaka 1982 kwa sharti kwamba zisaidie kipimo kingine, zisisimame peke yake. Sharti hilo likapuuzwa na wafanyabiashara. Mamlaka ikatoa onyo kwa umma mwaka 2011, ikarudia mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatoa jingine pamoja na barua ya onyo kwa kampuni moja ya California, ikieleza kwamba haijui takwimu zozote halali za kisayansi zinazoonyesha kuwa kipimo hiki, kikiwa peke yake au na kingine, kinafaa kuchunguzia saratani ya matiti. Wizara ya afya ya Canada iliziamuru kliniki kadhaa kuacha mwaka 2012. Nchini Australia suala lilifika Mahakama ya Shirikisho, na mwaka 2014 kampuni zilizowapotosha wanawake zikatozwa faini. Kutoka ruhusa ya 1982 hadi onyo la 2019 ni miaka 37 ya kukimbizana na kitu kilichoruhusiwa kikiwa na mlango wazi. Sisi, kwa uongozi wako, tunaweza kuanzia pale wao walipofikia.

Kwa unyenyekevu, naomba pia nioneshe pengo moja. Mashine ya mamografia, kwa sababu ya mionzi yake, husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kamera ya joto haitoi mionzi, basi lango hilo haliihusu. Linabaki lango la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kamera iliyoingizwa nchini kama kifaa cha mafundi umeme, ambao huitumia kutafuta nyaya zinazopata moto, inaweza isipite hata hapo. Sifa ileile inayotumika kuiuza ndiyo inayoipunguzia ukaguzi.

Nisingependa kukuletea katazo mikono mitupu. Hakuna anayetudai mamografia kwa kila mwanamke wa Tanzania. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unaelekeza upimaji mpana wa mamografia, hasa kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, pale penye mfumo wa afya wenye uwezo. Kwa nchi zenye uwezo mdogo unatanguliza kuwatambua mapema wenye dalili na kuwatibu bila kuchelewa. Kazi hiyo inawezekana kwa mikono iliyofundishwa.

Mjini Mumbai, kuanzia mwaka 1998, Hospitali ya Tata Memorial iliwafundisha wahudumu wa afya wa kike, wasio madaktari, kupima matiti kwa mikono kila baada ya miaka 2. Utafiti huo ulihusisha wanawake 151,538 wa miaka 35 hadi 64, baadhi ya maeneo yakipimwa na mengine yakibaki ya kulinganishia, na matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021. Waliopimwa waligunduliwa wakiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuonekana, na hilo nalitaja ili nisikufiche kitu. Jirani zetu wa Rwanda, katika wilaya ya Burera, waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa afya wa vijijini kazi hiyohiyo, huku rufaa zikielekezwa Hospitali ya Butaro. Maeneo yaliyopata mafunzo yakagundua saratani nyingi zaidi za hatua za mwanzo.

Tunahitaji sana kufanya hivyo. Utafiti mmoja wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta nusu tu ya wagonjwa wa saratani ya matiti wakiwa hai miaka 3 baada ya kugunduliwa. Mpango wa dunia uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 umetuwekea viwango: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kwa mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu. Siku 60 kutoka zahanati ya kijijini Handeni hadi jibu la kinyama mkononi mwa daktari wa hospitali kubwa kama Ocean Road, KCMC au Bugando: shilingi yoyote iliyotaka kununua kamera ya joto ingefanya kazi kubwa zaidi hapo.

Kwa hayo, Mheshimiwa Waziri, naomba kwa heshima kubwa uyatazame maombi yangu manne.

La kwanza, wizara itoe tamko fupi la Kiswahili chepesi, lisomwe redioni na kubandikwa zahanati, kwamba picha ya joto haichukui nafasi ya kupimwa kwa mikono na mtaalamu, wala ya altrasaundi, mamografia au kinyama.

La pili, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ielekezwe, kwa utaratibu utakaouona unafaa, isisajili kamera yoyote ya joto kuwa kipimo cha kujitegemea cha saratani ya matiti, na matangazo yanayodai hivyo yazuiwe.

La tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, fedha za wanachama zisilipie themografia. Zilipie upimaji wa mikono, altrasaundi, kinyama na usafiri wa sampuli.

La nne, anayetaka kuitafiti kamera hii asifungiwe mlango. Apitie kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, asimtoze mwanamke hata senti, na kila mshiriki apimwe pia kwa njia iliyothibitishwa.

Naomba pia ruhusa yako niwaambie neno moja kina mama na dada wanaosoma barua hii. Ukigusa kivimbe kwenye titi au kwapani, ngozi ikibonyea au ikawa kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au ikatoa damu, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo. Nenda hata kama picha ya joto ilisema uko salama.

Mheshimiwa Waziri, maamuzi mengi yanayofika kwako yanahitaji mabilioni. Hili la kwanza ninaloliomba linahitaji ukurasa mmoja na sahihi yako, na kina mama wataliamini kwa sababu limetoka kwako. Nakusihi ulitoe mapema.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Tanga.